Upepo wa Kupoza Mkanda

“Katika mji huu,” alitangaza Lazarus Oloo, “hakuna mtu atakayeningoja mimi tena.”

Alilisema hilo Dagoretti Corner, mbele ya kibanda cha Mwololo fundi wa mabati, Jumapili baada ya kanisa, mguu mmoja ameuweka juu ya skuta kama mwindaji anayepigwa picha na kifaru wake. Waliomsikia ni Mwololo mwenyewe, mteja mmoja wa jiko, na mama mmoja aliyekuja kuzibiwa koroboi inayovuja. Mama huyo alimwomba asogee kidogo, kivuli chake kilikuwa kinamnyima fundi mwanga. Lakini Lazarus akishapanda juu ya sifa hakuwa mtu wa kushuka kwa ajili ya koroboi.

Skuta yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, ya zamani kidogo, aliinunua kwa mzungu mmoja wa Kilimani aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Mwaka ule wa sabini na moja skuta zilikuwa nyingi Nairobi, lakini zote zilikuwa na gia: unakamata klachi, unazungusha mkono, unamwomba Mungu. Hii haikuwa na gia hata moja. Ilikuwa na mkanda wa mpira uliozunguka juu ya puli mbili, na puli zile zilijipanua na kujibana zenyewe kadiri mwendo ulivyokwenda. Unaondoka, unafika, na mkono wako wa kushoto umekuwa abiria tu. Lazarus alisema ilitengenezewa watu wenye akili. Thuo, mwenzake wa ofisini, alisema ilitengenezewa wavivu, na kwamba wazungu walikuwa wameona mbali, wakajua siku moja Lazarus atazaliwa.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, nao ni joto. Mkanda ulifungiwa ndani ya boksi la bati ubavuni mwa injini, hauna pa kupumulia. Barabara ikiwa tambarare, hakuna neno. Kilima kikianza, mkanda unateleza; ukiteleza unapata moto; ukipata moto unateleza zaidi, mpaka injini inalia kwa nguvu zake zote na gurudumu halina habari. Jioni nyingi Valley Road ilimkuta Lazarus kando ya barabara, koti limetundikwa juu ya usukani, akilipepea boksi kwa gazeti kama mchoma mahindi, harufu ya mpira ulioungua ikimzunguka.

Kungekuwa hakuna mtu juu ya kilima, ingekuwa kichekesho tu. Lakini juu ya kilima kulikuwa na hospitali kubwa, na katika wodi ya wanawake alilala mama yake, Ajwang.

Alikuwa ameletwa kutoka kwao kijijini Alego tumbo limevimba, akidhani atakaa siku mbili tatu apewe dawa arudi kwenye mtama wake. Mtama uliota, ukapaliliwa na wengine. Joash, kaka mkubwa wa Lazarus, karani wa reli, ndiye aliyekuwa akienda kumwona kila jioni, mpaka kazi ikampeleka Kisumu. Kabla hajapanda treni alimweka mdogo wake mkono begani. Hawakuwa ndugu wa kushikana mabega, na kwa hiyo Lazarus aliyakumbuka maneno yenyewe.

“Mchana ana madaktari,” Joash alisema. “Usiku ana usingizi. Jioni ndipo mgonjwa hukumbuka kwamba ni mgonjwa. Jioni nakuachia wewe. Asikae peke yake.”

Kazi ikagawanywa hivi. Caren, mke wa Joash, alikuwa na mtoto mchanga na hangeweza kumpeleka wodini, basi kila asubuhi alichemsha supu ya samaki pale nyumbani mtaa wa Jamhuri na kuijaza kwenye thamosi. Lazarus, aliyekaa nao, aliibeba mpaka ofisini kwake Government Road, ikashinda chini ya meza, na kazi ikiisha aliipandisha kilimani. Akifika, aliketi kando ya kitanda na kumwigiza bosi wake, kisha mchungaji, kisha bosi wake akihubiri. Mama alicheka ameshika tumbo kwa mikono miwili, akimsihi aache, kucheka kunauma. Alikunywa vijiko viwili vya supu, basi. Vinavyobaki Lazarus alimpa mgonjwa wa jirani. Tatizo ni kwamba, kwa ajili ya kile kilima, mara nyingi aliketi dakika chache tu kengele ikalia ya kuwatoa wageni.

Jumamosi ile mama hakucheka sana. Alimuuliza mbona anakuja na pikipiki halafu anafika kama mtu aliyekuja na kobe. Kisha akamwambia, bila utani, “Nyathina, mwanangu, uje mapema. Si kwa supu. Jioni zimekuwa ndefu.”

Hilo ndilo lililomfikisha kwa Mwololo.

Wazo lilikuwa la Lazarus mwenyewe, na lilikuwa wazo zuri, tusimnyime haki yake. Kama mkanda unaugua joto, upewe upepo. Alitaka kifuniko cha boksi kitobolewe matundu upande wa mbele, na ndani, juu ya puli ya injini, ifungwe feni ndogo itakayozunguka pamoja na puli. Mwololo, Mkamba wa maneno machache aliyefua majiko na karai, hakuwahi kutengeneza feni, lakini hakuwahi pia kukataa kazi ya bati. Alikata debe la mafuta ya kupikia, akachora duara, akalichana mapanga sita, akayakunja kidogo kidogo kwa koleo, jicho moja limefumbwa. Kwenye panga moja nusu ya kichwa cha ng'ombe aliyechorwa kwenye lile debe ilibaki, ikiwatazama. Wakaifunga kwa skrubu, wakarudisha kifuniko, Lazarus akawasha.

Alipoweka kiganja mbele ya matundu, upepo ulitoka. Akamwambia Mwololo aweke wake, naye akauhisi. Mwenye jiko akauhisi. Hata mama wa koroboi aliitwa aje apulizwe. Wote wakakubaliana kwamba kitu kinapumua. Hakuna aliyeuliza kinapumua nini.

Ngong Road haina kilima cha kumtisha mtu. Siku hiyo Lazarus alifika hospitalini hata kabla lango halijafunguliwa, akawa wa kwanza kuingia wodini. Mama yake alipomwona akatazama dirishani kuona kama jua limeharibika. Alikaa mpaka kengele. Alimchorea feni kwa kidole juu ya shuka, akamweleza puli, mkanda, matundu, na mama aliitikia kila kitu kama anavyoitikiwa mtoto anayesimulia ndoto. Alipoondoka, mama alimshika kidole kile kile cha kuchorea. Akamwambia na kesho awe hivyo hivyo.

Kesho ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa na Thuo.

Thuo alikuwa kijana mnene wa kwao Dagoretti, aliyekuzwa kwa maziwa na viazi vya shambani, na alikuwa na kipaji cha kumchokoza Lazarus pale hasa panapowasha. Aliisikiliza habari ya feni mchana kutwa. Kazi ilipoisha akasema kwenye tambarare hata kuku mgonjwa hukimbia. Kama feni ni feni, Lazarus ampakie yeye Thuo nyuma, na uzito wake wote, wapande Valley Road bila kusimama. Mtu mwingine angejibu kwamba ana mgonjwa anayemngoja. Lazarus alimwambia apande, na ashike thamosi.

Walipita bustani, wakaanza mlima. Nusu ya kwanza skuta ilivuma vizuri, naye akageuza kichwa amtupie Thuo neno. Neno hilo hakulimaliza. Harufu ilikuja, ile ile, ila safari hii kali zaidi, na moshi mweupe ukachuruzika kwenye matundu ya Mwololo kama moshi wa jikoni. Injini ikapiga kelele. Skuta ikasimama. Lazarus aliligusa boksi akarudisha mkono mbio. Kwa muda wote aliokuwa na skuta ile, boksi lilikuwa halijawahi kupata moto kiasi hicho.

Saa hiyo barabara ilikuwa imejaa watu wanaopanda kwa miguu kutoka maofisini. Wasichana wa chuo cha taipu walipita, mmoja akauliza kama ni skuta au ni jiko, na kama ni jiko, ugali utakuwa tayari saa ngapi. Wakacheka mpaka wakashikana. Siku nyingine Lazarus angewajibu na wakaondoka wameshindwa. Siku hiyo aliliinamia boksi. Alikuwa mtu aliyezoea kuchekesha. Kuchekwa hakukuzoea hata kidogo, na vitu hivyo viwili havina undugu.

Alifungua kifuniko, akatazama, akafunga, akawasha tena. Thuo alikuwa amewasha sigara. Moshi wake ulipokaribia matundu ulisukumwa nje, ukatawanyika, na Lazarus akapeleka kiganja pale. Upepo ulikuwa unatoka kweli, lakini ulikuwa wa moto. Ndipo alipoona. Upepo ule haukutoka barabarani. Feni ilikuwa inauvuta nyuma, kwenye upenyo mwembamba wa upande wa injini, ikaupitisha juu ya mkanda na kuutoa mbele. Jana kwenye tambarare injini haikuwa na joto la kumdhuru mtu. Leo, na Thuo nyuma, waliuoka mkanda kama mkate.

Mwololo wa watu hakuwa na kosa lake peke yake. Baba yake alikuwa mhunzi huko Machakos, naye alikua akivukuta mvukuto. Upepo alioujua maisha yake yote ni ule unaotoka kwenye tundu kwenda nje, kuuchochea moto. Ameonyeshwa matundu, akaelekeza upepo kwenye matundu. Naye Lazarus, mwenye cheti cha kidato cha nne, aliweka mkono pale, akashangilia.

Thuo alitazama jua, kisha akatazama thamosi aliyoipakata. Uso wake ulikuwa umeacha utani.

“Enda kwa mathe,” alisema. “Hii kitu yako nitailinda. Kata hapo katikati ya nyumba za reli, utafika.”

Ilikuwa kweli. Kwa mguu, kwa njia ya mkato, angefika na muda ukabaki. Lazarus alijua hivyo, na alijua anajua. Lakini koleo lilikuwa tayari mkononi, kosa lilikuwa limeshaonekana, na wale wasichana walikuwa bado hawajafika juu. Alisema ni dakika kumi tu. Ni kugeuza feni, itazame upande ule mwingine, basi.

Akaifungua, akaigeuza, akaifunga. Akawasha. Moshi wa sigara ukasukumwa nje vile vile.

Alikaa chini kwenye majani kana kwamba amepigwa. Alichora kwa kijiti mavumbini, akafuta, akachora tena, mpaka akaelewa kitu ambacho mwalimu wake wa fizikia hakuwahi kumwambia: feni ukiigeuza, na mapanga yake yanageuka nayo, na mkunjo wao unabaki ule ule, kama vile mtu wa kushoto hawi wa kulia kwa kugeuzwa mgongo. Dawa si kuigeuza feni. Dawa ni kulishika kila panga na kulikunja upya kwa upande wa pili. Thuo akamwambia mara ya pili aende. Alikunja la kwanza, bati likamkata kidole. Akakunja la pili. Alipofika kwenye lile lenye jicho la ng'ombe, damu na grisi zilikuwa zimemfika kwenye viwiko, na kivuli cha miti kilikuwa kimeshavuka barabara.

Alipowasha tena, akamwomba Thuo apulize moshi. Ule moshi ulisita mbele ya matundu, kisha ukaingia. Wote wawili waliinama wakautazama ukiingia, mwembamba kama uzi. Na upepo wa Upper Hill, ambao jioni ni baridi hata mwezi wa tatu, ukawa unaingia mbele, unapita juu ya mkanda na kutokea nyuma.

Walipanda Valley Road iliyobaki kama watu wanaopanda ngazi za nyumba yao. Thuo nyuma alikuwa akicheka, na alikuwa amekubali, akakubali kwa sauti. Kileleni Lazarus alishuka akaweka kiganja chote juu ya boksi, akakiacha pale. Boksi lilikuwa baridi kama mtungi. Ilikuwa furaha kubwa, na aliionja yote. Akamshusha Thuo kwenye kituo cha basi, akachukua thamosi, akakaza mwendo kwenda hospitalini.

Lango lilikuwa limefungwa. Wageni wa mwisho walikuwa wanatawanyika na vikapu vitupu.

Bawabu alimjua. Mara ngapi Lazarus alimchekesha pale langoni akaingizwa kabla ya saa. Hata leo mzee yule hakumfukuza. Alimwambia angoje kidogo tu, sista wa zamu atapita sasa hivi, ni mtu mwenye huruma, aseme naye. Lazarus alibaki juu ya skuta, injini inavuma. Angeweza kuizima. Hakuizima, kwa sababu ilikuwa inavuma vizuri, kwa mara ya kwanza haina homa, na masikio yake yalikuwa bado hayajashiba. Kisha akatazama mikono yake. Nyeusi, na damu. Shati la ofisini limekuwa kitambaa cha gereji. Aliona jinsi atakavyoingia wodini hivyo, amechelewa, baada ya kidole kile kuchora feni juu ya shuka. Aliona aibu. Akajiambia kesho atakuwa hapa wa kwanza, sasa skuta imepona, kesho na kila siku. Akamwambia bawabu asimsumbue sista.

Akageuza, akaenda zake.

Karibu na Jamhuri, kando ya ua wa uwanja wa maonyesho, alisimama. Thamosi ilikuwa bado imejaa na bado ya moto. Kurudi nayo hivyo ni kuulizwa. Aliketi kwenye nyasi akainywa supu ya mama yake, kikombe baada ya kikombe, mpaka kichwa cha samaki kikabaki, akakila nacho. Miiba akaitupa nyuma ya ua.

Caren alipoipokea thamosi aliitikisa. Ilikuwa tupu. Akaifungua akatazama ndani, na uso wake ukang'aa hivi kwamba Lazarus akalazimika kwenda kunawa. Alimsikia jikoni akimwambia mtoto mchanga kwamba leo nyanya amekula, amekula yote, nyanya anapona. Lazarus hakusema uongo wowote. Alinyamaza tu, maji yakimwagika juu ya mikono ambayo haikukubali kutakata.

Simu ilimkuta ofisini asubuhi. Mama yake alikuwa amekufa kabla ya mapambazuko.

Joash alifika kwa treni asubuhi ya Jumatano, hakuweka hata mkoba chini, akasimama mlangoni. Nyumba ilikuwa imeshajaa watu wa Alego waliokaa Nairobi, wa kanisani na wa reli, viti vya kuazima, wanawake wameketi kwenye mkeka. Lori la kumpeleka mama nyumbani lilikuwa lije kesho yake. Kwa watu wale mzazi hapelekwi nyumbani bila maneno. Yule aliyekuwa naye mwishoni ndiye hubeba alichosema, na huko nyumbani, mbele ya kaburi, husimama akakitoa, na watu hukishika. Mzee asiyeachiwa neno huwa kama amezikwa nusu. Basi swali la kwanza la Joash halikuwa la ugonjwa, lilikuwa ni nani alikuwa naye.

Caren alijibu kabla Lazarus hajafungua mdomo. Alikuwa na Lazarus, alisema. Alikula supu yote.

Joash alimtazama mdogo wake, na macho yake yakajaa maji ya shukrani. Akamwomba asimulie.

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Lazarus alisema kidogo tu. Alisema ndiyo, mama alikula. Alisema alikuwa ametulia. Watu wakashusha pumzi. Lakini matanga ni mlango usiofungwa. Wakaingia wengine, nao wakataka kusikia, na Joash mwenyewe akawa ndiye anayesema, waambie, waambie. Mara ya pili mama alikula akaomba aongezwe. Mara ya tatu alicheka, Lazarus akaigiza tena yule bosi anayehubiri, na waombolezaji wakacheka na machozi yao, kitu kizuri sana kukiona. Kufikia Jumatano mchana mama aliyeshindwa na vijiko viwili alikuwa amemaliza samaki mzima, ameketi wima, amemwita kila mtoto na kila mjukuu kwa jina, amemwambia Joash asichoke, na amemshika Lazarus mkono mpaka usingizi ukamchukua. Kila neno lilikuwa zuri. Mengine Lazarus mwenyewe alikuwa ameanza kuyasikia, kwa sauti ya mama, naye akilia alilia kweli.

Thuo alikuja kutoa pole, akapewa kiti karibu na dirisha. Alisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Aliondoka mapema bila kunywa chai, na pale mlangoni alimshika Lazarus mkono kwa muda mrefu, akitazama zile kucha zilizokuwa bado na weusi.

Jioni mwanamke mmoja aliingia ambaye hakuna aliyemjua, kitenge mabegani, akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyeshonwa. Alisema anaitwa Annah Nanyama, anaishi Kawangware, ametolewa hospitali mchana huu. Alikuwa ameuliza njia mpaka Jamhuri. Jumatatu alihamishiwa kitanda cha kando ya mama huyu, na hakuona vizuri aende kwake kabla hajawapa pole watoto wake.

Wanawake wakampisha mkekani. Joash aliinuka kwa furaha, kama mtu anaweza kuinuka kwa furaha katika nyumba kama ile.

“Dada, basi uliona,” alisema. “Jumatatu jioni. Uliwaona wanacheka na ndugu yangu.”

Annah alimtazama kwa adabu. “Ndugu gani?”

“Huyu mdogo wangu. Alimletea supu.”

“Jumatatu hakuna mtu alikuja, baba.” Alisema polepole, akidhani labda Kiswahili chake cha Bungoma ndicho hakikueleweka. “Tulikuwa mimi na yeye tu. Wageni wa wengine walikuja wakaenda. Yeye alikuwa anasikiliza barabara. Kila pikipiki ikipita anasema, hii si ya Lazarus, hii inabadilisha gia. Ya Lazarus haikati sauti. Mpaka na mimi nikawa nasikiliza.”

Caren alikuwa amesimama na birika mkononi.

“Kengele ikalia. Baadaye kidogo ndiyo tukasikia moja inakuja, sauti ile ile moja, haikati. Akanishika. Akasema, hiyo ndiyo yake, amefika. Akaniomba nimfunge kitambaa vizuri kichwani. Tukangoja. Ilikaa kwa lango inavuma, inavuma, mimi nikisema sasa anaingia. Halafu tukasikia inageuka, inaenda.”

Akavuta kitenge mabegani.

“Akasema watakuwa wamemkataza. Akasema nikimwona nimwambie asiumie, yeye alimsikia amekuja. Sasa mimi simjui kwa sura. Lazarus ni nani hapa?”

Hakuna aliyemwonyesha. Joash alikuwa amegeuka taratibu kumwelekea mdogo wake, na watu wote wa Alego waliokuwa mle ndani wakageuka pamoja naye.